Habari za Mikindani: Kumhoji Aliyetuhoji

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mtwara, na kuchapwa kwa ombi la waliohudhuria

Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu vya historia na watu wanaoviandika. Somo hilo nimelifundisha miaka zaidi ya thelathini, na simkumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyenyoosha mkono akauliza: mwalimu, huyu aliyeandika haya aliambiwa na nani? Waliniuliza tarehe. Waliniuliza kama swali hili litatoka kwenye mtihani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwaambia kwamba mwandishi naye huulizwa.

Neno historia ni geni kwetu. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao, nalo ni habari. Ukimkuta mtu njiani unamwuliza habari za kwako, habari za safari. Na watu wa miji yetu walipoandika asili ya miji hiyo, nani alitangulia kufika, nani alimlipa nani ada ili akae, waliziita vilevile, habari. Mnaona tofauti yake. Habari huombwa, na anayeombwa hujibu huku akimtazama usoni aliyemwomba. Kama ni mgeni wa kupita atampa za juu juu, kama ni mkwewe atachagua maneno, na kama ni karani wa serikali, basi hapo kila mtu mzima humu ndani anajua kinachofuata.

Nataka tuanzie hapo kwa karani wa serikali.

Mwaka 1907 mjini Berlin, Carl Velten alichapisha kitabu cha nathari na mashairi ya Waswahili. Velten alikuwa amefanya kazi ya ukalimani katika serikali ya Kijerumani Dar es Salaam kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili kwao. Ndani ya kitabu kile zimo habari za Kilwa, za Lindi, za Sudi na za Mikindani, kwa Kiswahili cha wenyeji. Mwaka 1962 Freeman-Grenville akazitia kwa Kiingereza katika mkusanyiko wake wa hati za pwani ya Afrika Mashariki, uliochapwa Oxford. Kwa hiyo maneno yaliyotoka kwenye baraza za hapa Mikindani, kilomita chache tu kutoka tulipokaa, yalikwenda Berlin, yakapitia Oxford, na mimi niliyezaliwa pwani hii nikayasoma kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni, kwa Kiingereza. Nilijisikia kama mtu anayesimuliwa na mpangaji mambo ya nyumba ya babu yake.

Lakini tusikimbilie kulalamika kwamba tumeibiwa. Tuulize kwanza yule mzee wa Sudi au wa Mikindani alikuwa anafanya nini alipokubali kusema. Miaka ile Wajerumani walikuwa wanatafuta majumbe na maakida wa kuwasimamia watu. Boma la Mikindani lilijengwa 1895. Lingali linasimama, mnalijua, siku hizi watalii wanalala humo. Mtu anayemwambia mtumishi wa serikali hiyo kwamba ukoo wetu ndio uliotangulia hapa, na wale wengine walitukuta, hasimulii hadithi za jioni. Anaweka maombi mezani. Mimi nazisoma habari zile kama barua za kudai haki zilizovaa kanzu ya masimulizi, na nikizisoma hivyo ndipo zinapoanza kuwa na ladha. Nani hakutajwa? Ukoo gani umeingizwa kwa sentensi moja ukatolewa kwa nusu sentensi? Wanawake wako wapi, katika nchi ambayo Wamakonde na Wayao wake walihesabu ukoo kwa upande wa mama?

Na kuna la jalada. Velten huyohuyo alitoa mwaka 1903 kitabu cha desturi za Waswahili, na jina lililokaa juu ni lake. Mwenye maneno mengi ya kitabu kile alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alioa huko, akajaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani mwaka 1905, serikali ikawakatalia kushuka, akarudi Ujerumani na kufia Berlin 1927. Ilipofika 1981 ndipo tafsiri ya J. W. T. Allen ilipolipandisha jina la Mtoro mahali pake. Chuma na Susi, watumishi wa msafiri Livingstone, nao hali yao ilikuwa hiyohiyo. Livingstone alipokataliwa na mlango wa Ruvuma, aliwashusha wanyama wake wa mizigo hapa Mikindani, Machi 1866, akaanza safari ambayo hakurudi. Miaka minane baadaye wale wawili walikaa Uingereza wakimjibu Horace Waller swali baada ya swali ili shajara za bwana wao zisomeke. Kwenye jalada utawakuta Livingstone na Waller.

Sasa nije kwa mtu ninayempenda na kugombana naye kuliko wote, Karl Weule.

Weule alikuwa mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alifika huku 1906. Alikuwa amekusudia kwenda Kondoa Irangi, akaelekezwa kusini, ambako moto wa vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ulikuwa umepoa lakini majivu yake yangali ya moto. Alipanda kutoka Lindi hadi Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkubwa wa Wayao, akaenda Newala na Mahuta katika uwanda wa Wamakonde. Alikuwa na kamera, mashine ya picha za kutembea, na kinasa sauti cha silinda za nta. Fikirini mzee wa Newala mwaka ule, anaimbishwa mbele ya tarumbeta la bati, kisha sauti yake inatoka humo akiwa amefumba mdomo. Kitabu cha safari ile kilitoka 1908, na mwaka uliofuata kikawa tayari kimetafsiriwa kwa Kiingereza.

Kitabu hicho kina mambo ambayo huyapati popote pengine. Kuna jando, kuna unyago, kuna ndonya na chale, vinyago vya mapiko, namna ya kufinyanga chungu. Kina jambo jingine pia: Weule aliwapa wapagazi na wenyeji karatasi na penseli, akawaambia wachore. Kiongozi wa wapagazi wake, Pesa Mbili, alichora. Mpagazi mwingine, Sabatele, alichora ramani ya njia kuu ya misafara na vituo vyake. Mimi huwa nasimama hapo kwa muda mrefu. Profesa amekuja kutoka Leipzig kutuchora sisi, na katikati ya kitabu chake mpagazi ametoa ramani yake mwenyewe, barabara imenyooka katikati ya karatasi na vituo vimepangwa kwa mfuatano wa miguu iliyovitembea.

Ugomvi wangu naye ni huu. Aliingia bara akifuatana na bwana wilaya na askari. Watu aliowauliza walikuwa wametoka kwenye vita mwaka uliotangulia, na wengine wao walikuwa na njaa. Lugha zetu hakuzijua. Alimtegemea Nils Knudsen, Mnorwei aliyeishi Lindi muda mrefu, na Kiswahili cha katikati. Kwa hiyo swali lilitoka kwa Kijerumani, likapita Kiswahili, likafika kwa Kiyao au Kimakonde, na jibu likarudi njia hiyohiyo likiwa limechoka. Weule anatuambia haya mwenyewe, wala hayafichi. Tatizo ni kwamba akishayasema katika kurasa za mwanzo, huko mbele anatangaza tu: Wamakonde wanaamini hivi, Wayao hufanya vile. Askari wametoweka kwenye sentensi. Knudsen naye ametoweka. Kama angekuwa hai, ningemuuliza hilo moja: bwana, siku ile mzee alipokuambia hivyo, bunduki zilikuwa zimeegemezwa wapi?

Weule hatutampata. Vitu alivyobeba viko Leipzig, na silinda za nta ziko Berlin. Waliokuja baada yake wengine wako hai, wanajibu barua, na hata waliokufa waliacha wanafunzi wa kuulizwa. Tugeukie Maji Maji, maana hapo ndipo sisi wa Mtwara tuna swali letu hasa.

Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere alisimama Umoja wa Mataifa akaitaja vita ile kama ushahidi kwamba watu wa nchi hii hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Baada ya Uhuru, chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilipata idara ya historia chini ya Terence Ranger, na mwaka 1968 wanafunzi wakatawanywa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee walioikumbuka vita. John Iliffe alikuwa mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Gilbert Gwassa ndiye aliyezama zaidi, akakaa na wazee wa Umatumbi na Ungindo, na tasnifu yake ya 1973 ikawa ndiyo msingi wa karibu kila ukurasa wa kitabu cha shule: pamba ya kulazimishwa, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji, watu wasio na mfalme mmoja wakaungana, Nandete mwezi Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Waliokufa kwa vita na njaa, kwa hesabu ya Gwassa, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Nawaambia wanaomdharau Gwassa siku hizi kwamba hawakuwapo. Kabla yake ukitaka kujua Maji Maji ulisoma majalada ya Wajerumani. Yeye alikwenda kwa wenye vita. Lakini aliuliza swali la wakati wake: waliunganaje? Taifa lilikuwa na umri wa miaka saba. Mzee wa mwaka 1968 aliyetembelewa na kijana wa chuo kikuu cha Mwalimu alimtazama usoni kama vile mzee wa 1906 alivyomtazama Weule, akajua kinachotafutwa. Sisemi alidanganya. Nasema alichagua mlango wa kuingilia.

Sasa turudi huku kwetu. Nilipokuwa nafundisha kwamba watu wa kusini wote waliungana, kulikuwa na kitu kinanikwaruza kooni. Sehemu kubwa ya Wamakonde wa uwanda wa juu hawakuingia vitani. Matola na Nakaam, wakubwa wa Wayao upande wa Masasi, hawakuwa upande wa waasi. Misheni ya Masasi ilichomwa, na waliokuja kuichoma walikuwa watu weusi kama walioikimbia. Mtoto wa Newala anayesoma kwamba babu zetu wote walikunywa maji anarudi nyumbani, babu yake anamwambia sisi hatukunywa, na mtoto anaona aibu. Aibu ya nini? Kitabu ndicho kilichomtupa.

Felicitas Becker alitoa makala mwaka 2004 iliyonitoa huo mfupa kooni. Alirudi kwenye nyaraka na kwenye vijiji vya kusini mashariki, akauliza swali jingine: katika kila mahali, nani alikuwa amepoteza nini? Akaona wakubwa wa bara waliokuwa wanaishi kwa biashara na pwani, pembe, mpira, watumwa, na ambao Wajerumani waliwakatia njia ile baada ya miaka ya 1890. Kwa hesabu hiyo vita haikuwa moto mmoja. Ilikuwa mioto mingi, kila mmoja na kuni zake, na mganga mmoja na maji yake akipita katikati. Kuna waliopigana kwa sababu jirani yao adui alikuwa upande wa Wajerumani. Kuna walioacha kupigana kwa sababu hiyohiyo.

Mniulize nani yuko sahihi. Kwa Umatumbi na Ungindo nitashikamana na Gwassa. Alikaa huko, akasikiliza, na njaa ya pamba ya serikali ilikuwa ya wote. Kwa upande huu wetu, kuanzia Lukuledi kuja Ruvuma, Becker amefika karibu zaidi. Mwanafunzi anayejibu mtihani aendelee kuandika pamba, kwa sababu msahihishaji anataka pamba. Lakini ajue.

Na ajue pia kwamba kabla ya maprofesa wote hao kulikuwa na mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeiweka vita ile katika utenzi. Ulichapishwa Ujerumani 1933, kisha Whiteley akautoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza 1957. Jamaliddini hakuwapamba wapiganaji. Aliwatazama kwa jicho la mtu wa mji wa pwani, Mwislamu msomi, anayeona washamba wamedanganywa na mganga na nchi inaharibika. Kwa sababu hiyo taifa jipya halikujua limfanyie nini, likamwacha kabatini. Badala yake tukapata tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969, kazi kubwa kwelikweli, ambayo mwandishi wake alionya waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa na si yule wa historia. Hata jina amelibadili herufi. Nusu ya walimu wa nchi hii, nami nikiwemo, tulilisoma onyo hilo, tukafungua ukurasa wa pili, tukafundisha tamthilia kama historia.

Becker huyohuyo baadaye alitoa kitabu kizima, mwaka 2008, juu ya namna watu wa mikoa hii walivyokuwa Waislamu, kati ya 1890 na 2000. Wengi wetu tulilelewa na jibu fupi: Waarabu walileta. Yeye alikaa na wazee vijijini, kwa Kiswahili, akawauliza msikiti huu alijenga nani, alijifunza wapi, alirudi na nini. Majibu yanaonyesha kwamba mashehe wa pwani hawakuibeba dini kuipeleka bara. Kwa sehemu kubwa watu wa bara wenyewe ndio walioifuata, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu walichoka kuitwa washenzi na watu wa miji, wakataka kukaa nao safu moja. Mwenye kumbukumbu ya nyumbani kwake atatikisa kichwa hapo, na naona baadhi yenu mnatikisa. Ninachomlaumu, na si yeye peke yake, ni kwamba kitabu kipo kwa Kiingereza na bei yake ni ya maktaba za Ulaya. Msikiti uliotajwa ndani yake una waumini wanaoweza kusahihisha aya mbili tatu, na hawajui kwamba wametajwa.

Nimeutaja Ruvuma, na bado sijafika mtoni. Tufike.

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno walikubaliana mpaka uwe Ruvuma. Sultani wa Zanzibar wakati huo alikuwa akidai nchi hadi ghuba ya Tungi, kusini zaidi. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka mlango wa mto wakaichukua Kionga, kipembe cha ardhi kilichoko ng'ambo. Aprili 1916, vita ikiwa imepamba moto, Wareno wakaichukua, na mwaka 1919 wakubwa wa Ulaya wakawathibitishia. Mtu aliyezaliwa Kionga 1885 alipofika miaka thelathini na minne alikuwa amedaiwa na sultani, akatawaliwa na Mjerumani, akatawaliwa na Mreno, na mnazi wake haukuhama. Nendeni mkatafute kitabu chenye habari za mtu huyo. Wanaoandika juu ya Tanganyika wanafika ukingo wa mto na kufunga kalamu, kwa sababu ng'ambo nyaraka ni za Kireno. Wanaoandika juu ya Msumbiji wanafika ukingo wa kule, nao wanafunga, kwa sababu huku nyaraka ni za Kijerumani na Kiingereza. Mto wenyewe haujui habari hiyo. Mlango wake hubadilika kwa mchanga na mafuriko, na watu wa Kilambo, Mahurunga na Kitaya wana shamba huku na mjomba kule.

Matokeo yake mambo makubwa yamegawanywa vipande. Wamakonde wa Msumbiji, tuliowaita Wamavia, walivuka kwa maelfu kuja kukata mkonge. Edward Alpers, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam, aliandika juu yao. Baadhi ya waliorudi kwao ndio waliosimama mbele ya Wareno pale Mueda, 16 Juni 1960, risasi zikapigwa. Frelimo, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, ikazaliwa Dar es Salaam 1962, ikafanya mazoezi Nachingwea, ikaweka hospitali yake hapa Mtwara. Paolo Israel alitoa mwaka 2014 kitabu juu ya mapiko ya uwanda wa Mueda, akizifuata nyimbo na sura za vinyago kizazi baada ya kizazi, ili aone jinsi ukoloni, vita na chama vilivyoingia katika ngoma. Nilipokisoma niliwaza: hizi nyimbo tunazo. Shangazi zetu wanaziimba Newala. Nani ameuliza upande huu?

Akiolojia nitaipitia haraka, ingawa inastahili siku yake. Matthew Pawlowicz alitembea mashamba yanayoizunguka Mikindani akiokota vigae vya vyungu, na tasnifu yake ya 2011 inasema kwamba watu walikaa hapa tangu milenia ya kwanza, na kwamba kuna karne ambazo vyungu vya Mikindani vilifanana na vya bara kuliko vya Kilwa. Maana yake mji wetu haukuwa Kilwa iliyoshindwa kukua. Ulikuwa umegeuza uso upande mwingine, kwa watu wa bara. Wale mnaolima Mikindani mkiokota kigae, msikitupe.

Halafu kuna mji huu wenyewe tulimokaa, ambao umetokana na kosa. Waingereza walitaka karanga. Mpango ulianza 1947, ukafa 1951, ukala pauni zipatazo milioni 36, na kwa ajili yake bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea zikajengwa. Bandari ikabaki, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu wa kwanza kuandika kitabu juu ya aibu ile, Alan Wood, mwaka 1950, alikuwa ndiye msemaji wa shirika lililoendesha mpango huo, akajiuzulu, akasema. Namheshimu. Matteo Rizzo aliuliza mwaka 2006 nini kilibaki, akawatazama vibarua wa Nachingwea na ujira wao, jambo ambalo Wood hakulijali sana. Lakini aliyelaza mataruma ya reli ile, akaja kuyang'oa kwa mikono ileile miaka kumi na kitu baadaye, sijamkuta kwenye kitabu cha mtu yeyote akizungumza kwa kinywa chake.

Mtasema, mwalimu, wewe umekaa unawasahihisha wenzako, wewe umeandika nini? Ni haki yenu kuuliza, na mhadhara wote huu nimelikalia swali hilo.

Miaka ya themanini nilikuwa kijana mwenye redio kaseti na wazo la kuandika kitabu. Nilikwenda bonde la Ruvuma, karibu na Kitaya, kwa mzee mmoja aliyewavusha wapiganaji na mizigo yao usiku wakati wa vita vya Msumbiji. Alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, akazungumza kuanzia alasiri hadi kumekucha taa ya kandili imeisha mafuta. Kaseti moja, pande zote mbili. Niliahidi kurudi kumsomea nitakachoandika. Sikuandika. Sikurudi. Watoto, uhamisho, mishahara ya ualimu, mnayajua, lakini hizo si sababu, ni visingizio.

Mwaka jana alikuja nyumbani binti mmoja, mwanafunzi wa chuo. Alisalimia vizuri, akakaa mkekani, akasema: mwalimu, nimeambiwa wewe unayo sauti ya babu yangu. Alikuambia nini? Nilitaka kumpa muhtasari. Akakataa kwa adabu. Akasema anataka kusikia mwenyewe, na anataka kusikia nilimwuliza nini.

Tuliitafuta kaseti tukaipata kwenye debe, chini ya madaftari ya kusahihishia. Mashine yangu ya zamani ilicheza upande wa kwanza. Nilimsikia yule mzee akianza kueleza namna alivyomtambua mtu wa kuaminika kwa jinsi anavyoingia mtumbwini gizani, na nikamsikia kijana mmoja anamkatiza: mwaka gani huo? Mzee akakubali, akatafuta mwaka, akapoteza uzi. Akaanza tena, la mkewe aliyekuwa akipika chakula cha watu arobaini bila moshi kuonekana. Mwaka gani? Mara nne nimehesabu. Binti hakunitazama. Alikuwa anaandika.

Upande wa pili hatukuusikia. Utepe ulijikunja ndani ya mashine na mashine ikafa. Kaseti tuliitoa salama, utepe tumeunyoosha kwa kalamu ya risasi, na ninayo hapa kwenye mfuko wa koti. Mwenye redio kaseti inayofanya kazi, au anayemjua fundi wa Majengo au Chikongola anayezitengeneza bado, naomba anione hapo mlangoni tukitoka. Yule binti amekaa safu ya tatu.